Hagi: mji ulioibadili Japani kisha ukaachwa nyuma

Ramani ya Hagi iliyochorwa enzi za masamurai bado inaweza kumwongoza mtu leo. Mitaa iko palepale, kona ziko palepale, na kuta za udongo zilizozificha nyumba za wakubwa bado zimesimama kandokando ya njia. Miji mingi ya Japani haina bahati hiyo. Mingine iliteketezwa kwa mabomu mwaka 1945, mingine ikabomolewa na wenyewe kupisha zege na barabara pana. Hagi, mji wa pwani katika mkoa wa Yamaguchi wenye wakazi wasiofika 50,000, ulinusurika kwa sababu inayouma: wenye nguvu waliuhama, wakaenda kujenga taifa jipya kwingine.

Hata kuzaliwa kwake kulitokana na kushindwa. Mwaka 1600, katika vita vya Sekigahara, Mori Terumoto alikuwa kiongozi kwa jina wa upande ulioangushwa na Tokugawa Ieyasu. Yeye aliyekuwa akitawala kutoka Hiroshima sehemu kubwa ya magharibi ya Honshu alinyang'anywa karibu kila kitu, akaachiwa majimbo mawili, Suo na Nagato. Mwaka 1604 akaanza kujenga ngome mpya kwenye mwambao wa Bahari ya Japani, chini ya kilima cha Shizuki chenye kimo cha mita 143. Mji ukatandaa kwenye delta, kati ya mito ya Matsumoto na Hashimoto.

Asubuhi ianzie hapo, tena kwa baiskeli ya kukodi, kwa maana mji ni tambarare na hakuna haja ya haraka. Usitarajie kuona mnara wa ngome. Ulibomolewa mwaka 1874, wakati serikali mpya ya mfalme Meiji ilipokuwa ikifuta alama za watawala wa majimbo. Misingi ya mawe na handaki la maji ndivyo vilivyobaki. Hata hivyo, pigo lenyewe lilikuwa limeshatangulia: mwaka 1863 mtawala wa ukoo wa Mori alihamishia makao yake Yamaguchi, bara zaidi, mbali na mizinga ya meli za kigeni.

Ukitoka ngomeni unaingia Horiuchi, mtaa wa masamurai wa ngazi za juu. Juu ya kuta zake yananing'inia machungwa makubwa machachu yaitwayo natsumikan. Mgeni huyapiga picha na kupita, lakini yana habari nzito. Serikali ya Meiji ilipofuta posho za masamurai, familia zilizoishi kwa mpunga wa mtawala vizazi kwa vizazi zilibaki mikono mitupu. Obata Takamasa, naye akiwa wa tabaka hilohilo, alianza mwaka 1876 kusambaza miche ya michungwa hiyo ili wenzake wapate riziki. Viwanja vya majumba vikageuka mashamba, na kuta zilizojengwa kuzuia maadui zikakinga maua na matunda dhidi ya upepo wa bahari. Hiyo ndiyo sababu kuta hazikubomolewa. Umaskini uliokutana na akili ya mkulima uliuhifadhi mtaa huu kabla serikali haijautangaza eneo la hifadhi mwaka 1976.

Saa za kabla ya chakula cha mchana zitoshe kuutembea mtaa wa wafanyabiashara, penye nyumba ya ukoo wa Kikuya waliouhudumia utawala wa Mori. Hatua chache kutoka hapo alizaliwa Takasugi Shinsaku, aliyeunda jeshi lililowachanganya samurai na raia wa kawaida. Jirani ni nyumba ya Kido Takayoshi, mmoja wa waasisi wa serikali ya Meiji. Vichochoro vyenyewe ni vyembamba, na mtu huvimaliza kwa dakika chache.

Kisha upumzike kwa chai katika bakuli la Hagi. Ufinyanzi huu unasifika kote Japani, kwa kuwa udongo wake hunyonya chai na rangi yake hubadilika kadiri bakuli linavyotumika miaka na miaka. Waliouanzisha walikuwa mafundi wa Korea, walioletwa baada ya majeshi ya Japani chini ya Toyotomi Hideyoshi kuivamia nchi yao kati ya 1592 na 1598. Fahari ya mji ilitoka kwa watu waliong'olewa makwao, na hilo halipaswi kuachwa nje ya sifa za bakuli.

Mchana, vuka mto Matsumoto hadi Shoka Sonjuku. Ni kijumba cha mbao chenye vyumba vichache, kilichokuwa shule. Humo, mwaka 1857 na 1858, alifundisha Yoshida Shoin, kijana aliyefungwa kwa kujaribu kupanda meli ya Wamarekani ili akaione dunia. Aliuawa kwa amri ya utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi, mwaka 1859, hajatimiza miaka 30. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Ito Hirobumi, waziri mkuu wa kwanza wa Japani mwaka 1885, ambaye nyumba yake iko karibu. Ito huyohuyo baadaye alikuwa mwakilishi mkuu wa Japani nchini Korea, akauawa na Mkorea, An Jung-geun, mwaka 1909. Mwaka uliofuata Korea ikawa koloni. Anayelistahi darasa hili, kama mimi, anapaswa kuyakumbuka na hayo.

Si wote waliotoka humu waliofaidi. Maebara Issei, mwanafunzi mwingine wa Shoin, aliongoza uasi wa masamurai hapahapa Hagi mwaka 1876, akashindwa na kuuawa. Tamaki Bunnoshin, baba mdogo wa Shoin aliyeanzisha shule hiyo, alijiua kwa sababu vijana aliowafundisha walijiunga na uasi.

Kabla ya jioni, tazama bomba la tanuru la kuyeyushia chuma lililojaribiwa mwaka 1856. Halikufika mbali, lakini lipo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2015, pamoja na shule ya Shoin na mji wa ngome. Kisha malizia kwenye stesheni ya Hagi. Inoue Masaru, mwana wa Hagi aliyetoroka kwenda kusoma London mwaka 1863 pamoja na Ito na wenzao watatu, ndiye anayeitwa baba wa reli za Japani. Reli ya kwanza ya nchi hiyo ilifunguliwa mwaka 1872. Hagi kwao ilifika mwaka 1925, na hata hapo ilizunguka nje ya delta bila kuupasua mji.

Anayepanga safari achague Mei, michungwa inapochanua, au tarehe 15 Agosti, taa za mawe zipatazo 500 zinapowashwa makaburini pa watawala katika hekalu la Toko-ji. Treni ya kasi inasimama Shin-Yamaguchi. Kutoka hapo ni basi, mwendo wa zaidi ya saa moja.