Mfongo na Mikono ya Watu wa Chini

Babu yangu mzaa baba hakuwahi kuwa na hati ya maji. Alikuwa na zamu. Siku yake ikifika aliachia maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, alfajiri, yakaingia kihambani, shamba lake la nyumbani, kwenye migomba na kahawa. Jua likikaribia utosini, alirudisha udongo mahali pake, akashindilia kwa maganda ya mgomba, na maji yakashuka kwa jirani. Wanaopenda kusifu mila za Wachaga watasema alikuwa muungwana. Huenda. Mimi nasema alijua hesabu.

Mifongo ni ya zamani. Harry Johnston, Mwingereza aliyefika Moshi kwa Mangi Rindi mwaka 1884, aliikuta tayari inazunguka vihamba. Maji yalitekwa juu kabisa, karibu na msitu, kwa sababu huku chini mito imejichimbia makorongoni na huwezi kuyapandisha. Kutoka kwenye banio, yaani kizuizi cha kuyakinga mtoni, yaliongozwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, na penye bonde yakavushwa kwa magogo yaliyotobolewa. Ukoo ulioanzisha mfongo ndio uliotoa meni mfongo, yaani msimamizi wake. Yeye aligawa siku kwa mitaa na koo, aliita watu kazini na alitoza faini.

Mfereji wa udongo hauna huruma. Kila masika mto hufurika na kulibomoa banio, kingo hukatika, na mchanga hujaa. Kaya chache zinazokaa karibu na banio haziwezi kuurudisha mfereji huo peke yao, zinahitaji watu wa chini wapande na majembe yao. Na mtu wa chini atapandaje kwenda kuchimba mfereji ambao maji yake hayamfikii? Hapo ndipo palipokuwa na motisha, ingawa wazee wetu hawakuiita hivyo. Mtu wa juu aliziba maji ili masika ijayo apate mikono. Asiyetokea msaragamboni, kwenye kazi ya pamoja, alitozwa pombe ya mbege au hata mbuzi, na mkaidi alinyimwa zamu. Mbege ile ilinywewa na waliofanya kazi, adhabu ambayo naiona ya busara kuliko faini inayoishia kwenye stakabadhi.

Usiku nao haukuachwa. Maji ambayo hayakuwa na mtu wa kuyasimamia gizani yalikingwa kwenye bwawa dogo, nduwa, na asubuhi likafunguliwa. Wapare huyaita mabwawa hayo ndiva, na ndiva ya Manoo pale Bangalala, Upare Kusini, imejulikana hata kwa wataalamu wa maji wa nchi za mbali. Bwawa likijazwa usiku, mkondo mwembamba ambao ungekauka njiani mchana hushuka kwa nguvu na kufika shamba la mwisho.

Sitaki kuipamba mifongo. Ilivuja sana. Meni mfongo aliweza kumpendelea ndugu yake. Na mimi, kwa kuwa mwanamke, nisingeruhusiwa hata kushika jembe kwenye banio, wakati maji ya kupikia na ya ng'ombe yalibebwa kichwani na mama zetu. Utaratibu uliomsahau mbebaji wa maji ulikuwa na kasoro, mila au si mila.

Serikali iliingia kwa karatasi. Sheria ya mwaka 1959 na ile ya 1974 zilitaka mtumiaji wa maji awe na haki iliyoandikwa, na mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya Bonde la Pangani. Huko chini, mito yetu inakopita, kulikuwa na wenye sauti kubwa: mashamba ya miwa ya Arusha Chini, na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani. Umeme ulipopungua, lawama zilipandishwa mlimani kwa wakulima. Ikaletwa ada, kwa hoja kwamba mtu akilipia maji atayathamini.

Ila ada ilikokotolewa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye hati, maana mfereji wa udongo hauna mita. Ukiziba saa sita, unalipa vilevile. Ukiacha maji yapotelee barabarani mpaka jioni, unalipa vilevile. Nimewasikia watu wazima wakisema, "Mimi nimeshalipa," na kuondoka huku lango liko wazi. Babu asingeweza kusema hivyo, kwani malipo yake yalikuwa jasho, na yalidaiwa upya kila mwaka mbele ya majirani.

Kisha kwetu lilikuja zege. Wafadhili walitujengea banio imara, tukapiga vigelegele. Halibomoki. Tangu hapo watu wa juu hawana shida na mikono ya watu wa chini, na mashamba ya mwisho wa mfereji ndiyo ya kwanza kuwa makavu kila kiangazi.

Sheria ya mwaka 2009 imezipa nafasi jumuiya za watumia maji kujitungia kanuni. Ninyi mnaokaa kwenye vikao hivyo, kabla hamjaandika kifungu cha ada, mleteni mwenye shamba la mwisho na mama anayechota kwa ndoo, muwaulize zamu ziweje na maji ya usiku yakingwe wapi. Zege libaki, lakini anayepokea maji kwanza apewe kazi ambayo hawezi kuimaliza bila wale wa mwisho.