Fimbo ya Mbali: Habari za Mashabiki wa Besiboli Marekani

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii huonya watu wasitegemee kitu kisichokuwa mkononi, na onyo lake ni la haki katika kazi nyingi za dunia. Walakini mapenzi ni shughuli ya namna nyingine. Moyo wa mwanadamu una desturi ya kujifunga kwa kitu ambacho macho hayajapata kukiona, na fundo lake aghalabu huwa gumu kufunguka. Katika nchi ya Marekani, kwa muda wa zaidi ya miaka mia, watu wasiohesabika wameupenda mchezo wa besiboli hali wanakaa mbali na viwanja vyake. Wengi wao walizaliwa, wakazeeka na kufa bila ya kuiona timu yao ikicheza hata mara moja. Habari za watu hawa zastahili kutazamwa, maana ndani yake limo swali lisilohusu mchezo peke yake: kitu kipendwacho na wengi ni mali ya nani? Ni cha mwenye hati, ni cha mwenye kiti mbele, ama ni cha yule akibebaye moyoni?

Yafaa kwanza kueleza mchezo wenyewe. Besiboli huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mtupaji wa timu moja hutupa mpira mdogo mgumu, na mpigaji wa timu ya pili huungoja na gongo mkononi. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akirejea salama alipoanzia timu yake hupata alama moja. Watu watatu wakitolewa, zamu hugeuka. Na kila timu ikiisha kupata zamu tisa, mchezo hukoma, isipokuwa alama ziwe sawa. Hapana saa ya kuumaliza. Kila tendo husimama peke yake kama shanga katika uzi: mpira hutupwa, jambo hutokea, kisha watu hupumua. Kwa sababu hii mchezo huu waweza kuhesabiwa, na kinachoweza kuhesabiwa chaweza kupelekwa mbali.

Mtu aliyeielewa siri hiyo mapema ni Henry Chadwick. Alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akahamia Brooklyn na wazazi wake mwaka 1837, na huko akawa mwandishi wa magazeti. Tangu miaka ya 1850 aliendeleza na kueneza jedwali dogo lililoandika kila mchezaji na matendo yake kwa tarakimu. Msomaji aliyelizoea jedwali hilo aliweza kuujenga upya mchezo mzima mezani pake, asubuhi ya pili, wakati chai ikipoa. Alijua nani alipiga, nani alikosa, na katika zamu gani mambo yaligeuka. Chadwick alikufa mwaka 1908, lakini jedwali halikufa naye. Yeye ndiye, kwa namna fulani, aliyempa mtu wa mbali mlango wa kwanza wa kuingilia uwanjani.

Mlango wa pili ulifunguliwa na simu ya waya. Mpigaji simu alikaa uwanjani akapeleka kila tendo kwa ishara fupi za herufi na tarakimu. Mashindano makuu ya kila mwaka, yaliyoanza mwaka 1903, yalipofika, magazeti ya miji mikubwa yalitundika mbao nje ya ofisi zao. Watu kwa maelfu walisimama barabarani, shingo juu, wakitazama alama zikibadilishwa. Walishangilia ubao kana kwamba ubao una masikio. Aliyepita njiani bila kujua habari angaliweza kudhani kuwa watu wale wamepatwa na wazimu. Kumbe walikuwa uwanjani, ila miili yao tu ndiyo iliyokuwa barabarani.

Kisha ikaja redio. Tarehe 5 Agosti 1921, kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza mchezo wa ligi kuu kwa mara ya kwanza. Harold Arlin alikaa nyuma ya mpigaji katika uwanja wa Forbes Field akasimulia jinsi timu ya Pittsburgh ilivyoishinda ile ya Philadelphia kwa alama 8 kwa 5. Ili kupima uzito wa jambo hili, sharti kuikumbuka ramani ya siku zile. Kuanzia mwaka 1903 mpaka mwaka 1952 timu za ligi kuu zilikuwa 16, nazo zote zilikaa katika miji kumi ya mashariki na kati. St. Louis, juu ya ukingo wa Mto Mississippi, ndio uliokuwa mji wa mwisho upande wa magharibi. Nyuma yake ilienea nchi kubwa isiyokuwa na timu ya ligi kuu hata moja: Texas, Oklahoma, nyanda za ngano, milima na pwani yote ya Pasifiki.

Katika nchi hiyo sauti ilifika mahali ambapo garimoshi lilifika kwa shida. Mawimbi ya redio ya masafa ya kati yana tabia ya ajabu: mchana hutambaa karibu na ardhi yakachoka upesi, lakini usiku hupanda juu yakarudishwa chini na tabaka za hewa, yakaangukia mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Mchezo wa kwanza wa ligi kuu kuchezwa usiku ulifanyika Cincinnati tarehe 24 Mei 1935, na taa zake ziliwashwa kwa ishara aliyoipeleka Rais Franklin Roosevelt kutoka Washington. Hata taa za uwanja, basi, ziliwashwa na mtu wa mbali. Michezo ya usiku ilipozidi, sauti za vituo vikubwa kama KMOX cha St. Louis ziliingia katika nyumba za majimbo mengi ya kusini na magharibi, na timu ya Cardinals ikapata watu wake mashambani ambako jina la mji wenyewe lilijulikana kwa mchezo kuliko kwa biashara.

Maisha ya shabiki wa namna hii yalikuwa na kanuni zake. Katika mwaka 1935 takriban shamba moja tu katika kila kumi lilikuwa na umeme, na wengine waliokuwa na redio walitegemea betri. Ng'ombe walikamuliwa mapema, chakula kikaliwa mapema, na watoto wakaagizwa kunyamaza. Mwenye penseli aliandika kila zamu katika karatasi. Jirani asiyekuwa na redio alikuja na kiti chake. Aliyesikiliza hakuona kitu, na kwa hivyo alilazimika kuumba kila kitu: urefu wa ukuta, rangi ya majani, uso wa mtupaji anapokunja mkono wake. Aliyekuwako uwanjani alipewa mchezo mmoja, ule ule waliopewa wenzake. Aliyekuwa mbali alijitengenezea wake mwenyewe, na hapana watu wawili waliotengeneza uliokuwa sawa.

Wenye timu hawakufurahi wote. Baadhi yao waliona kuwa atakayepata mchezo bure nyumbani hatatoa fedha mlangoni. Timu tatu za New York zilipatana kufunga milango yao kwa redio kwa miaka mitano, kuanzia mwaka 1934. Muda ulipokwisha, Larry MacPhail, kiongozi wa timu ya Brooklyn, alikataa kuendelea na mapatano hayo. Akamleta mtangazaji Red Barber kutoka Cincinnati, na katika mwaka 1939 sauti yake ikasikika katika mji. Mwaka huo huo watazamaji wa Brooklyn walizidi 900,000, wengi kuliko wa mwaka uliotangulia. Kweli timu nayo ilikuwa imeanza kucheza vizuri zaidi, wala si haki kuipa redio sifa zote. Lakini hofu ya kuwa masikio yatayaibia macho ilipata jibu: aliyesikia alitamani kuona.

Hata hivyo kukaa mbali kulikuwa na hatari yake, nayo ni kuwa chini ya mamlaka ya msimulizi. Kwa kuwa waya wa kutoka uwanjani uligharimu fedha nyingi, vituo vingi havikupeleka mtangazaji safarini. Alikaa chumbani, akapokea ishara za simu, akazigeuza kuwa mchezo kamili: akagonga kipande cha mti pale gongo lilipopiga mpira, akapandisha sauti ya umati iliyotiwa katika sahani ya santuri. Ronald Reagan, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1981, alifanya kazi hiyo katika kituo cha WHO mjini Des Moines katika miaka ya 1930, akitangaza michezo ya Chicago kutoka umbali wa kama kilomita 500. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku moja waya ulikatika katikati ya mchezo. Badala ya kukiri, alimfanya mpigaji apige mpira nje ya mstari, tena na tena, dakika baada ya dakika, mpaka waya ulipopona; ndipo akajua kuwa yule mpigaji alikwisha kutolewa zamani kwa mpira wa kwanza. Kisa hiki huchekesha, lakini kina funzo zito. Wale waliosikiliza walishika pumzi kwa mipira ambayo haikutupwa na mtu. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Habari waliyopewa haikuwa. Apendaye kwa kusikia hana budi kumwamini asemaye, na kila amwaminiye mtu amempa rungu la kumpigia.

Tena yako masafa yasiyopimwa kwa kilomita. Watu weusi wa Marekani walifungiwa nje ya ligi kuu kwa ubaguzi, na hata katika viti waliwekwa kando. Katika uwanja wa Sportsman's Park wa St. Louis walitengewa upande wao mpaka mwaka 1944; yaani mtu aliweza kukaa mtaa wa pili kutoka uwanjani na bado akawa shabiki wa mbali. Wao walijijengea ligi yao, iliyoundwa na Rube Foster mwaka 1920, na wakaifuata kwa magazeti yao wenyewe, kama vile Chicago Defender, ambalo wapagazi wa garimoshi walilichukua hata majimbo ya kusini ambako halikupendwa na wenye nguvu. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu katika karne ya 20, Brooklyn ilipata mashabiki ambao hawakujua hata njia ya kwenda huko. Wako waliopanda magarimoshi usiku kucha ili wamwone alipokwenda kucheza Cincinnati au St. Louis. Wasioweza kusafiri walisoma na kusikiliza. Kwao kila alama haikuwa hesabu ya mchezo tu. Ilikuwa hoja katika kesi iliyocheleweshwa mno.

Ikiwa mtu aweza kuipenda timu kutoka mbali, je, itakuwaje timu yenyewe ikienda mbali? Jibu lilipatikana mwaka 1957. Tarehe 24 Septemba timu ya Dodgers ilicheza mara ya mwisho katika uwanja wa Ebbets Field mbele ya watu 6,702. Mwaka uliofuata ilikuwa Los Angeles, na jirani yake na hasimu wake, timu ya Giants, ilikuwa San Francisco. Watu wa Brooklyn, waliokuwa wa karibu kuliko wote, waliamka wakiwa wa mbali kuliko wote, wala wao hawakuondoka hata hatua moja. Sheria ilikuwa upande wa wenye hati. Mwaka 1960 uwanja wa Ebbets Field ukaanza kubomolewa. Lakini huko New York, mwaka 1958, mtangazaji Les Keiter alikaa chumbani akagonga kijiti juu ya mti na kusimulia michezo ya Giants iliyokuwa ikichezwa upande wa pili wa bara. Na waliokwisha kuachwa walisikiliza. Na timu mpya ya Mets ilipoanza mwaka 1962, ilichukua rangi ya buluu ya Dodgers na ya chungwa ya Giants, kama mtoto anayepewa majina ya marehemu wawili.

Kule Los Angeles jambo la kinyume lilitokea. Timu ilicheza kwanza katika uwanja mkubwa wa Coliseum, usiojengwa kwa besiboli, na wengi walikaa mbali mno na wachezaji. Wakaja na redio ndogo za mkononi, wakamsikiliza Vin Scully akiwasimulia mchezo ule ule waliokuwa wakiutazama. Scully aliitangaza timu hiyo tangu mwaka 1950 mpaka mwaka 2016, akafariki mwaka 2022. Walionunua viti, basi, walikiri kwa vitendo kuwa macho peke yake hayatoshi, na ya kuwa kilichomtosheleza mkulima gizani kilikuwa na thamani hata juani.

Mwenye hati aliweza kuhamisha wachezaji, gongo na jina. Hakuweza kuhamisha jioni ambazo watu walikaa pamoja kuzunguka sauti moja, wala karatasi zilizojaa alama za penseli. Kweli fimbo ya mbali haiui nyoka. Wala shabiki wa mbali hajapata kupiga mpira hata mmoja. Lakini fimbo si ya kuulia nyoka tu. Mzee huiegemea, kipofu huitafutia njia, na msafiri huishika ili akumbuke mti wa kwao. Kwa kazi hizo, ile iliyomo moyoni haiwi mbali kamwe.