Safu ya Lugha: Magendo

Siku hizi magazeti yetu huchanganya magendo na ulanguzi. Ni maneno mawili, na kila moja lina uzito wake.

Magendo ni kupitisha mali kwa kificho, kukwepa ushuru au marufuku ya serikali. Mali yenyewe yaweza kuwa halali kabisa. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipaa duniani. Uganda ya Idi Amin ilimlipa mkulima kidogo, kwa hiyo magunia yakavushwa usiku hadi Kenya, na soko la Chepkube, mpakani, likavuma. Kahawa ile haikuwa haramu. Njia ndiyo ilikuwa haramu.

Ulanguzi kwa asili ni kununua bidhaa na kuziuza kwa bei ya kuumiza. Hao ndio walanguzi aliowaandama Waziri Mkuu Sokoine huko Tanzania mwaka 1983. Kenya imelipeleka neno hilo kwenye dawa za kulevya na watu.

Hapa Amukura, kati ya Busia na Malaba, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, tofauti hii inagusa heshima ya mtu. Mama anayevusha gunia la mahindi hana hatia kwa kuvuka tu: bidhaa zilizoorodheshwa za Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Anayepita njia za panya ndiye afanyaye magendo. Wahariri, msimwite mama huyo mlanguzi. Mnamchafulia jina.