Maumivu Sugu na Safari Ndefu ya Kuaminiwa

Aliyevunjika mguu hupelekewa uji, hupewa pole, husamehewa kazi. Anayeumwa mgongo mwaka wa saba hapelekewi uji tena. Eksirei imetoka safi, vidonge amemeza hadi tumbo limechafuka, na nyumbani wameanza kunong'ona kuwa ni mvivu au ana jini. Usingizi hukatika, hasira huja upesi, marafiki hupungua, na wengi huishia kwenye sonona. Maumivu huuchosha mwili. Kutoaminiwa huumaliza moyo. Historia ya tiba inaonyesha kwamba jeraha hili la pili tumelitia sisi wenyewe, na kwamba mara nyingi nafuu yake ilianzia kwa mtu aliyekubali kukaa na kumsikiliza mgonjwa.

Mwaka 1664, miaka 14 baada ya kifo cha mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, kitabu chake kuhusu mwili wa binadamu kilichapishwa kwa Kifaransa. Humo alieleza kuwa moto ukigusa mguu, uzi ulio ndani ya mshipa wa fahamu huvutwa, na ishara hufika ubongoni kama kengele inayogongwa. Maelezo hayo yaliwahimiza madaktari kutafuta chanzo cha maumivu mwilini. Hata hivyo yaliacha swali gumu: pasipo moto, kengele inalizwa na nani? Asiyekuwa na kidonda cha kuonyesha akabaki mtuhumiwa, ama mwongo ama mwehu.

Jibu lilianza kutafutwa wodini, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, 1861 hadi 1865. Mjini Philadelphia, daktari Silas Weir Mitchell aliwatibu askari waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu. Vidonda vilishafunga, lakini mikono na miguu iliendelea kuwaka. Wapo waliotia maji ndani ya viatu ili waweze kutembea. Mchakacho wa gazeti, hatua za mtu anayepita au ngoma za bendi ya jeshi vilitosha kuwazidishia mateso. Mitchell aliandika pia habari za nyoyo zao: jinsi wapole walivyogeuka wakali na mashujaa wakawa waoga. Alitambua kuwa maumivu ndiyo yaliyowabadilisha tabia.

Ufaransa nayo ilimtoa daktari bingwa wa upasuaji, René Leriche, aliyewahudumia majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika kitabu chake cha 1937 alisisitiza kuwa maumivu yasiyokoma ni ugonjwa kamili. Baada yake akaja John Bonica, mzaliwa wa Italia aliyejilipia masomo ya udaktari Marekani kwa kupigana mieleka, na ambaye majeraha ya ulingoni yalimtesa maisha yake yote. Akiwatibu askari katika Vita vya Pili vya Dunia, aliona kuwa hakuna daktari mmoja awezaye kuyamudu maumivu sugu peke yake. Kitabu chake cha 1953 kiliweka msingi wa kliniki ambamo daktari wa mishipa ya fahamu, wa upasuaji na wa afya ya akili humjadili mgonjwa mmoja pamoja.

Sayansi ilikuja kuwaunga mkono mwaka 1965. Watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu mfano wa lango, ambalo ubongo unaweza kulifungua au kulifunga. Hofu, huzuni na upweke vikapata nafasi katika maelezo ya kitabibu: huweza kuyazidisha maumivu yaliyopo kwelikweli. Mwaka 1979 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilichotokana na mkutano ulioitishwa na Bonica mwaka 1973, kilitoa fasili iliyotaja mwili na hisia kwa pamoja.

London, mwaka 1967, daktari Cicely Saunders alifungua hospitali ya St Christopher's kwa wagonjwa waliokaribia kufa. Alifundisha kuwa mtu huumwa mwili, akili, roho, na hata uhusiano wake na jamaa. Fikra hiyo ilifika kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akitumia mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake. Tangu mwaka 2004, sheria ya Uganda imewaruhusu wauguzi waliofunzwa maalumu kuiandika.

Hata hivyo kazi haijaisha. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na sikoseli, ugonjwa unaoitesa mifupa tangu utotoni. Maumivu yake huja kwa vipindi: leo kijana anacheza, kesho hawezi kusimama, na mwalimu anadhani anakwepa shule. Hospitalini, akiomba dawa kali, huenda akashukiwa kuwa mraibu. Shaka hiyo imezidi Marekani, ambako dawa za jamii ya mofini ziliandikwa kiholela tangu miaka ya 1990 na watu wengi mno wakafa. Sasa hata wanaozihitaji kwa haki hutazamwa kwa jicho baya.

Tangu Januari 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayatambua maumivu yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu, na aina yake moja huhesabiwa kuwa ugonjwa unaojitegemea. Orodha hiyo haitakuwa na faida ikiwa muuguzi, mwajiri na mume bado wanadai kuonyeshwa kidonda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndugu yako akikwambia anaumwa, mwamini kwanza; vipimo vifuate baadaye.