Baiskeli Bila Mzigo

Mwezi wa Juni nilipewa kazi ya kuandika mpango wa safari ambayo sitaenda. Mteja yuko Ulaya. Watu wake ni wastaafu wanaokimbia baridi ya kwao kila Januari: wanapanda ndege na baiskeli zao mpaka kusini mwa Uhispania, halafu wanaendesha polepole kuelekea magharibi hadi pale Ureno inapoishia baharini. Wiki tatu. Kazi yangu ilikuwa kupanga: siku ya nne walale wapi, mlima upi waukwepe, mvua inapiga upande gani. Yote hayo niliyaandikia Muthurwa, kwenye chumba kimoja cha landhi, stima ikipotea na kurudi, makanga wa Machakos Country Bus wakiita abiria huko nje.

Lazima niseme kazi yenyewe ilikuwa tamu. Nilijifunza kwamba Januari jua la Seville huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, kwa sababu Uhispania inafuata saa za Ulaya ya kati ilhali yenyewe iko mbali magharibi. Kwa hivyo usimwamshe mtu alfajiri, utampeleka gizani bure. Nilijifunza kwamba Grazalema, kijiji cha milimani chenye nyumba nyeupe ambacho kila mtu anakisifu, ni kati ya mahali panaponyesha sana kuliko pote Uhispania, na mvua yake ndiyo hiyo ya majira ya baridi. Basi nikawapitisha kaskazini yake, kwenye njia inayoitwa Vía Verde de la Sierra.

Hapo ndipo nilikwama, nikaacha kuandika kwa muda.

Vía Verde ni njia ya kijani. Hii ya Sierra ina kilomita 36, kutoka Olvera hadi Puerto Serrano, na mahandaki 30. Ilianza kujengwa miaka ya 1920 iwe reli. Mahandaki yakachimbwa, madaraja yakasimama, stesheni zikajengwa, halafu pesa na siasa zikaharibika, na hakuna treni hata moja iliyowahi kupita. Leo ni njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu. Mtu anaingia handakini akiwa na taa yake ndogo, anatokea upande ule mwingine kwenye mizeituni, na hakuna anayemuuliza anaenda kufanya nini.

Miaka hiyo hiyo ya 1920, Reli ya Uganda ilikuwa inajenga Muthurwa.

Mtoto wa landhi hawezi kusoma mambo ya reli ya mtu mwingine bila kufikiria ya kwao. Yetu ilifanya kazi. Ilitoka Mombasa 1896, ikafika hapa Nairobi Mei 1899, ikagusa Ziwa Nyanza 1901. Ikahitaji watu wa kupiga makaa, kufunga mabehewa, kuwasha taa, kusukuma, kubeba. Watu hao ikawapanga Muthurwa kwa safu: chumba kimoja kimoja, bomba la pamoja, choo cha pamoja. Kwa hesabu ya serikali ya wakati huo, mfanyakazi Mwafrika alikuwa mseja hata kama ana mke na watoto sita. Mji haukuwa wake. Alikuja kwa kazi, kazi ikiisha arudi rizavu. Ukiona jinsi vyumba hivi vilivyo vidogo, jua hilo si kosa la fundi wa ujenzi. Vilichorwa vitoshe mtu mmoja ambaye hatarajiwi kukaa.

Na mtu huyo hakuwa na uhuru wa kupanga safari. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alipaswa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoruhusiwa kuacha. Wengi waliitia kwenye kikasha cha chuma na kukitundika shingoni. Mwajiri asipoweka sahihi ya kukuachilia, kuondoka kwako kulikuwa kutoroka, na kutoroka lilikuwa kosa la kukupeleka ndani. Machi 1922, watu walipokusanyika nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi kutaka Harry Thuku aachiliwe, kipande kilikuwa moja ya mambo aliyokuwa amewasemea. Risasi zikapigwa. Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa pale.

Sasa weka kando ya habari hiyo wasafiri wawili wa miaka ya 1930. Wa kwanza ni Kazimierz Nowak, Mpolandi aliyekuwa amepoteza kazi, ana mke na watoto wawili wa kulisha. Mwaka 1931 alianzia Tripoli na baiskeli kuukuu, akashuka Afrika yote hadi kusini kabisa, kisha akageuka akapanda tena mpaka Algiers, akafika Novemba 1936. Karibu kilomita 40,000, nyingine kwa farasi, ngamia, mtumbwi na miguu. Alipita Kongo, alipita Rwanda. Njiani alikuwa akiandika habari na kupiga picha na kuzituma kwa magazeti ya kwao ili familia ipate kitu. Kwa kifupi alikuwa frilansa kama mimi, na nina hakika malipo yalimchelewea vilevile. Wa pili ni Ramnath Biswas, Mbengali, ambaye mwaka 1938 alishuka melini Mombasa na baiskeli yake, akavuka Kenya na Uganda, akaendelea mpaka Afrika Kusini.

Nampenda Nowak, simwonei wivu. Alirudi kwao na malaria na akafa mwaka uliofuata. Lakini angalia jambo hili: mtu maskini, asiye na kazi, asiye na mwajiri wa kumtilia sahihi, aliweza kuamka siku moja na kusema nitavuka bara. Mwafrika asiye na kazi Nairobi mwaka huo huo angekamatwa kabla ya kufika Athi River. Wote wawili hawana pesa. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi.

Babu yangu aliingia Reli mwaka 1951, akitokea Butere. Kipande cha shingoni kilikuwa kimeshaondolewa, mahali pake kikaja kitambulisho. Baiskeli yake ilikuwa Black Mamba, nyeusi, nzito, keria ya chuma nyuma inayoweza kubeba mtu mzima na gunia. Aliilipa kidogo kidogo kwa Mhindi wa duka. Ndiyo chombo cha kwanza maishani mwake ambacho ratiba yake haikuandikwa na stesheni masta, na nadhani hilo lilikuwa na thamani kuliko chuma chenyewe.

Miaka mitatu baadaye ikaja Anvil. Aprili 24, 1954, jeshi lilizunguka Nairobi na kuanza kuchambua watu nyumba kwa nyumba: Mkikuyu, Mwembu, Mmeru, kando. Maelfu wakapelekwa kambini. Babu alikuwa Mluhya, kwa hivyo alibaki, na majirani zake hawakubaki. Wale wa jamii hizo walioachwa mjini walibebeshwa pasbuku. Mathe anasema babu hakupenda kuzungumza juu ya siku hizo. Alichosema ni kwamba vyumba vilikuwa wazi pande zote, na kuna baiskeli moja iliyokaa imeegemea ukuta hadi tairi zikaoza.

Yake yeye ilibeba kila kitu. Unga, makaa, mabati, mama yangu akiwa na homa. Likizo ikifika aliipakia kwenye behewa la mizigo hadi Kisumu, kisha Butere, na huko ikabeba ndizi na kuku. Baiskeli katika nchi hii imekuwa punda tangu ifike. Boda boda zenyewe zilianzia Busia, vijana wakivusha watu na mali kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na zilikuwa baiskeli kabla ya kuwa pikipiki. Hata leo ukisimama asubuhi njia ya Gikomba au Marikiti, utaona baiskeli zimefunikwa na mizigo hadi huoni mwendeshaji. Haziendi mahali tupu.

Ila mara moja. Hii ni hadithi ya kwetu, kila Krismasi husimuliwa. Jumapili fulani babu aliendesha hadi Athi River na kurudi, bila kununua kitu, bila kumtembelea mtu. Nyanya, aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani, akamuuliza alileta nini. Hakuna. Alimwona nani? Hakuna. Nyanya alimnunia wiki nzima, maana hakuna mwanamume anayekwenda Athi River kuangalia nyasi, lazima kuna mwanamke. Nilikuwa nacheka na wengine. Siku hizi nafikiri mzee alikuwa anasema kweli.

Nilirudi kwenye kazi ya mteja. Kati ya Uhispania na Ureno kuna mto Guadiana. Daraja kubwa lililofunguliwa 1991 ni la magari ya kasi, baiskeli haziruhusiwi, kwa hivyo unapanda feri ndogo Ayamonte na kushukia Vila Real de Santo António. Saa yako unairudisha nyuma saa moja. Hakuna anayekuuliza karatasi. Mtu wa Nairobi akitaka kufika kwenye hiyo feri, aanze na viza: taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, uthibitisho kwamba atarudi. Niliposoma orodha ile ya barua ya mwajiri, mkono wangu ulienda shingoni wenyewe. Si kitu kimoja, najua. Mimi hakuna atakayenifunga kwa kukaa nyumbani. Lakini swali ni la ukoo mmoja: wewe ni wa nani, na tutajuaje kwamba utarudi ulikotoka?

Kutoka hapo safari inafuata pwani ya Algarve, mlozi ukianza kuchanua mwishoni mwa Januari, mpaka Lagos. Mimi nikaandika aya kuhusu Lagos. Agosti 1444 walishushwa pale mateka 235 kutoka pwani ya Afrika, wakagawanywa uwanjani, baba upande huu, mtoto upande ule. Jumba dogo la soko la watumwa sasa ni makumbusho, na baiskeli inafika hadi mlangoni. Nikaongeza kwamba kaskazini kidogo, Sines, ndiko alikozaliwa Vasco da Gama, aliyefika Mombasa Aprili 1498, na kwamba miaka saba baadaye Wareno walirudi na kuuchoma huo mji. Mteja akarudisha mpango na ombi moja: aya hiyo itoke, watu wako likizoni. Nikaitoa. Pesa ni zake.

Lakini Wareno huwezi kuwatoa kwenye lugha yetu kwa urahisi hivyo. Meza ninayoandikia ni neno lao. Bendera ni lao. Gereza nalo ni lao, na kwao lilimaanisha kanisa. Wewe fikiria watu wa Mombasa waliona nini ndani ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, hadi neno likageuka maana. Nikaona kwamba safari niliyokuwa nimeipanga kwa wiki mbili ilikuwa na mwisho mwingine, na mwisho huo uko kilomita 480 hivi kutoka mlangoni kwangu, mteremko kwa sehemu kubwa, na hauhitaji viza.

Kwa hivyo nimepanga yangu. Wao hukimbia Januari, sisi tuna baridi ya Julai, ile ya mawingu ya kijivu na mafua. Siku ya kwanza, nikivuka Athi River kwa heshima ya mzee, nifike Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Zanzibar aliyekuja kuona reli ikijengwa. Siku ya pili Makindu, ambako Singasinga wa reli walijenga hekalu mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote hupewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa dini. Siku ya tatu Mtito Andei, karibu nusu ya njia. Ya nne hadi Voi ndiyo inanitia wasiwasi: Tsavo iko pande zote mbili, ndovu huvuka, na malori hayajali ndovu wala baiskeli. Barabara ya Mombasa haina njia ya mtu wa baiskeli. Ni ukingo wa lami na bahati yako. Nitaanza kunapopambazuka na kulala kabla ya magharibi, jaketi la kung'aa, lita tano za maji. Ya tano Mariakani, ya sita baharini. Kando yangu sehemu kubwa ya njia itakuwepo reli ya zamani, ambayo treni yake ya abiria ya Mombasa iliacha kwenda 2017 ile mpya ilipoanza.

Baiskeli ni ile ile. Babu alifariki, ikabaki Butere, mjomba akaipandisha basi. Nimeipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa, fundi, mstaafu wa Reli pia. Amebadilisha cheni, spoki saba na breki za mbele.

"Kijana, unapeleka nini Mombasa?"

"Sipeleki kitu, mzee."

"Basi unaenda kuchukua nini?"

"Hakuna. Naenda tu."

Akaniangalia. Akaizungusha gurudumu ya nyuma, akaisikiliza, akagonga keria kwa spana.

"Hii basi niitoe? Itakupunguzia kilo."

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia aiache, kwa sababu ya maji.