Nani Amlipie Fundi? Mapato ya Halmashauri na Ufundi wa Watu Wazima katika Wilaya ya Same

Ikisiri

Halmashauri za Tanzania zina wajibu wa kisheria wa kuwakopesha wananchi mtaji, lakini hakuna wajibu unaolingana nao wa kuwapatia ujuzi wa kuuzalisha mtaji huo. Kwa kutumia mfano wa Same na historia ya Upare, makala hii inadai kwamba pengo hilo ni la kibajeti kabla ya kuwa la kielimu. Inapendekeza kasma ndogo ya kudumu kutoka mapato ya ndani, itakayolipia uanagenzi wa watu wazima katika karakana zilizopo na kutolewa hesabu mbele ya wananchi.

Utangulizi

Katika Milima ya Upare mazao hushuka na mashine hupanda. Tangawizi ya Mamba na Myamba hushuka kuelekea masokoni, pamoja na kahawa na ndizi za miinukoni. Tambarare, mpunga wa Ndungu hukobolewa, na Makanya hutoa mkonge na jasi. Zinazopanda ni mashine za kusaga, pampu, vikaushio na mitambo ya kukata tangawizi. Kila mtambo unaopandishwa unamdai mtu wa kuuhudumia: anayeweza kuchomelea fremu iliyokatika, kukereza shafti iliyolika, kusuka upya mota iliyoungua.

Mtu huyo ni nani, na nani aligharimia ujuzi wake? Mijadala yetu kuhusu ufundi stadi humtazama zaidi kijana aliyemaliza shule na kumtafutia chuo. Mtu mzima wa miaka 38, mwenye shamba, watoto na zamu ya maji mferejini, haonekani sana katika picha hiyo. Lakini ndiye anayeendesha mashine leo, na ndiye atakayekuwa kijijini kesho itakapoharibika. Hoja yangu ni kwamba serikali ya mtaa ndiyo yenye sababu kubwa zaidi ya kumlipia mafunzo, na kwamba fedha za kuanzia zimo ndani ya uwezo wake.

Ufundi na kodi katika historia ya Upare

Upare haukuanza kuujua utengenezaji kwa kuletewa. Simulizi alizozichambua mwanahistoria Isaria Kimambo zinaeleza kwamba huko Ugweno, Upare Kaskazini, madaraka yalikuwa mikononi mwa Washana, ukoo wa wahunzi, kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Washana walipoteza utawala lakini hawakupoteza nyundo. Waliendelea kufua majembe na silaha, na chuma cha Upare kiliwafikia majirani wa Uchagani. Ujuzi ulirithishwa ndani ya ukoo, ukilindwa kwa miiko. Mfumo huo ulikuwa na jibu la wazi kwa swali la nani agharimie mafunzo: ukoo ulilipa, na ukoo ulifaidi. Udhaifu wake ulikuwa huohuo. Bidhaa za chuma za kutoka ng'ambo zilipoliteka soko, ukoo haukuwa na mtu wa nje wa kusaidia kuubadili ufundi wake uendane na zama mpya.

Historia ya kodi nayo ina somo lake. Mapema miaka ya 1940, mamlaka ya wenyeji ya Pare, eneo ambalo baadaye liligawanywa kuwa wilaya za Same na Mwanga, ilianzisha mbiru, kodi ya ngazi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga. Upinzani haukuzimika hadi kodi hiyo ilipoondolewa. Kimambo anaonyesha kwamba malalamiko hayakuwa ya kukataa kulipa kodi yoyote. Watu walikataa makadirio yaliyofanywa na wachache bila uwazi, kwa ajili ya matumizi ambayo hawakuyaamua.

Tukio la tatu ni la karibu zaidi. Katika miaka ya 1980 Mkoa wa Kilimanjaro, Upare ukiwemo, ulikuwa mstari wa mbele kujenga shule za sekondari za wananchi kwa michango na nguvu kazi. Wazazi walijichangisha kwa hiari kwa sababu waliona jengo likipanda na watoto wao wakiingia darasani. Hata hivyo, elimu waliyoigharimia iliwaandaa vijana kuondoka: kwenda ofisini, vyuoni, mijini. Kwa hiyo Wapare wana uzoefu mrefu wa kulipia elimu kwa fedha za hapohapo. Ambacho hawajakijaribu kwa kiwango kilekile ni kulipia ujuzi unaobaki.

Fedha zilizopo na zinakoishia

Mifuko miwili inahusika hapa. Wa kwanza ni wa kitaifa. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi hulipwa na mwajiri kwa kukokotoa jumla ya mishahara anayolipa. Kiwango chake kimeshuka hatua kwa hatua, kutoka asilimia 6 hadi 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, baadaye 4, kisha 3.5 mwaka 2023. Tangu 2021 inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Zaidi ya hayo, mgawanyo uliozoeleka umeipa VETA, mamlaka ya taifa ya ufundi stadi, theluthi moja tu ya makusanyo, na theluthi mbili zimeelekezwa kwingine, hasa kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu.

Siilaumu tozo hii kwa kupungua. Kuwapunguzia waajiri mzigo kuna mantiki yake. Tatizo kwa Same ni umbo lake. Imejengwa juu ya ajira rasmi, na matumizi yake huamuliwa mbali na wilaya. Njia yake ya kawaida ya kumfikia mwananchi ni chuo. Mwenye karakana ya kuchomelea Hedaru akiwa na vijana wawili hayumo katika hesabu ya walipaji, na ni vigumu kumwona katika hesabu ya wanufaika.

Mfuko wa pili ni wa halmashauri yenyewe. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, baada ya kuondoa yale yenye matumizi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria yenye nia njema, na imekifanya kile ambacho matamko mengi hayakukifanya, yaani kuweka kiwango kinachoweza kukaguliwa.

Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuibua kasoro za utoaji na urejeshaji, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu uliorekebishwa. Mjadala wa kipindi hicho ulihusu zaidi vikundi hewa, ufuatiliaji na nafasi ya benki. Swali moja halikupewa uzito uleule: kikundi kilichokopa kikanunua mashine, kilikuwa na mtu anayeiweza? Mafunzo yanayotangulia mkopo kwa kawaida ni ya siku chache, juu ya ujasiriamali na utunzaji wa hesabu. Hayamfundishi mtu kwa nini kikaushio kinaiunguza tangawizi upande mmoja na kuiacha mbichi upande wa pili. Mkopo wa namna hii hununua chuma na kukiacha bila mikono.

Kuna pengo jingine. Mgawanyo wa 4, 4 na 2 hauna fungu la mwanaume aliyevuka umri wa ujana kisheria na asiye na ulemavu. Uamuzi huo unaeleweka katika mikopo, kwa kuwa makundi yaliyotajwa yalinyimwa nafasi kwa muda mrefu. Katika mafunzo ya ufundi, hata hivyo, unamwacha nje mtu ambaye mara nyingi ndiye mwenye karakana, hivyo ndiye mwalimu pekee aliyepo kijijini.

Jirani wa upande wa pili

Same inapakana na Kenya, na ng'ambo ya mpaka iko Kaunti ya Taita Taveta. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inavitaja vyuo vya ufundi vya vijijini kuwa jukumu la kaunti. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 hazina ya Nairobi ilianza kuzipa kaunti ruzuku yenye masharti ya shilingi 15,000 za Kenya kwa kila mwanafunzi wa vyuo hivyo.

Mfumo huo una faida dhahiri: mwananchi anajua ni ofisi gani aiulize chuo kinapokosa vifaa. Una kasoro pia. Ruzuku inayogawiwa kila mwaka kutoka juu huifanya serikali ya chini isubiri, na fedha zinazofuata idadi ya walioandikishwa chuoni hazimfuati mwanagenzi aliye gereji. Kwa Same, cha kuchukua hapo ni uwazi wa dhamana. Kuiga majengo si lazima.

Kasma ya uanagenzi

Ninapendekeza Baraza la Madiwani lianzishe kasma ya uanagenzi wa watu wazima, inayopewa angalau asilimia 1 ya mapato ya ndani yasiyo na masharti, nje ya ile asilimia 10 ya mikopo. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu: halmashauri yenye mapato hayo ya shilingi bilioni 2 ingepata milioni 20. Zikigawanywa kwa wanagenzi 40, kila mmoja ana 500,000. Kiasi hicho hakijengi chuo. Kinaweza kuchangia vifaa vya kinga, vijiti vya kuchomelea, ada ya tathmini na malipo ya fundi anayefundisha.

Malipo kwa mwenye karakana yagawanywe: sehemu mwanzoni, na sehemu kubwa baada ya mwanagenzi kufaulu tathmini. Utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi umekwisha kuonyesha kwamba fundi aliyejifunzia gereji anaweza kupimwa na kupewa cheti. Halmashauri haihitaji kubuni mtaala wala mtihani. Inahitaji kulipa ankara.

Ratiba nayo ifuate mwaka wa mkulima. Mtu wa Chome au Vudee hawezi kuacha shamba wakati wa masika na vuli. Mafunzo ya vipande, yakilundikwa zaidi katika miezi ya kiangazi, yatampata. Kozi ya mwaka mzima ya kulala bweni itamkosa.

Chanzo cha pili hakihitaji hata shilingi mpya. Kwa miaka kadhaa halmashauri zimejenga madarasa na vituo vya afya kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kuwatumia mafundi wa eneo husika badala ya makandarasi wakubwa. Katika mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotangazwa Oktoba 2021, madarasa 15,000 yalijengwa nchini kote. Kila darasa lina madirisha, milango na madawati, na vyote hivyo ni kazi ya karakana. Fundi anayepewa kazi ya halmashauri apewe na sharti la kuwa na mwanagenzi mtu mzima aliyesajiliwa. Hivyo bajeti ya ujenzi itazaa ujuzi bila kubadili jina lake.

Hoja za kupinga

Hoja ya kwanza husema ufundi stadi ni kazi ya VETA. Sheria ya mwaka 1994 iliyoianzisha mamlaka hiyo inaipa kusimamia mfumo wa mafunzo. Haimkatazi mwingine kuyalipia. Kwa upande wake, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaitaka halmashauri kukuza ustawi wa jamii na uchumi wa watu wa eneo lake. Ni vigumu kuutafsiri wajibu huo kwa namna inayoruhusu kukopesha mashine na kukataza kumfundisha mwendeshaji.

Ya pili ni kwamba mapato ni madogo. Ni kweli: mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na wilaya ya wakulima huumia zaidi. Lakini Upare una ushahidi wake kuhusu vyanzo vidogo. Ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kijito, hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Kijito kilekile kikiachwa kitiririke hakifiki shamba la tatu. Kilichowezesha ndiva kudumu ni kanuni: kila mtu anaijua zamu yake, na asiyefika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, anaulizwa. Fedha kidogo zenye kanuni zinazojulikana hufanya kazi kuliko nyingi zinazotawanywa kwa semina.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: aliyefundishwa ataondoka kwenda Moshi, Arusha au Dar es Salaam. Hapa umri una maana. Uzoefu wa sekondari za wananchi ulikuwa wa vijana wasiofungwa na chochote. Mtu mzima mwenye nyumba, ardhi na haki ya maji ana gharama kubwa ya kuhama. Kumfundisha yeye kwanza ni njia ya kupunguza hatari hiyo, ingawa haiondoi yote.

Hitimisho

Sheria ya 2018 iliweka kanuni muhimu, kwamba sehemu ya mapato ya halmashauri ni haki ya wananchi wanaozalisha. Kanuni hiyo ipelekwe hatua moja mbele, kutoka mtaji hadi ujuzi. Hilo linaweza kuanza ndani ya bajeti moja ya mwaka bila kusubiri Bunge: kasma ya asilimia 1, sharti la mwanagenzi katika kazi za fosi akaunti, na kanuni kwamba kikundi kinachokopa kununua mashine kiwe na angalau mwanachama mmoja aliyepimwa ufundi wake.

Orodha ya wanagenzi, mafundi waliolipwa na matokeo ya tathmini isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila miezi mitatu. Walioshuka Same mwaka 1945 walitaka kujua kodi yao inaamuliwa na nani na inakwenda wapi. Halmashauri inayoweza kusema hadharani kwamba ushuru wa tangawizi ya kijiji hiki umemlipia fundi huyu, na kwamba fundi huyu ndiye anayekarabati mashine ile, itakuwa imelijibu swali hilo, na itakuwa na hoja ya kuomba asilimia 2 mwaka unaofuata.