Yule wa nyuma ya Roy Acuff ni nani?

Najua kablogu ketu kamelala wiki mbili, lawama nazipokea zote. Kulikuwa na seminari ya vyanzo vya historia, na mwenzenu nimeumbuka mbele ya darasa zima. Acha niwasimulie, maana kuna funzo ndani yake, hasa kwa sisi tunaosubiri kwenda kufundisha kwa vitendo.

Kila mtu alitakiwa achague chanzo kimoja akieleze. Wenzangu walileta barua, ramani na sarafu. Mimi, kwa vile nyumbani tumekulia kwenye kaseti za Jim Reeves za mzee, nikaona nilete kitu cha kantri: filamu ya Marekani ya mwaka 1940 iitwayo Grand Ole Opry. Jina hilo ni la kipindi cha redio WSM cha mji wa Nashville, kilichoanza 1925 na hadi leo kipo. Ndani ya filamu yumo mwimbaji Roy Acuff na bendi yake, Smoky Mountain Boys. Acuff hana shida, hata mpenzi wa kantri wa juzijuzi anamjua. Mimi nikajitia kuwataja wale waliosimama nyuma yake.

Basi, kuna mpiga dobro. Dobro ni gitaa lenye sahani ya chuma chembamba kifuani ya kukuza sauti. Wengi wanalilaza nyuzi zikitazama juu, kisha wanatelezesha kipande cha chuma juu yake, ndiyo maana linalia kama mtu anayelalamika. Jina limetokana na ndugu wa ukoo wa Dopyera walioanza kuyatengeneza 1928. Nikasema kwa kujiamini kabisa: huyu ni Clell Summey! Kwa nini? Kwa sababu kwenye rekodi ya Acuff ya 1936, The Great Speckled Bird, dobro ni ya Summey. Mwimbaji yule yule, chombo kile kile, basi na mpigaji yule yule. Si ndiyo?

Dada mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono. "Rekodi ya 1936, filamu ya 1940. Hiyo miaka minne ya katikati umeiangalia?"

Jamani! Sikuwa nimeiangalia. Darasa likacheka, mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi yake, mimi nikabaki nafuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Jioni nikaanza upya, safari hii kwa miaka. Kumbe hadi mwaka 1939 unaanza, Summey hayupo tena kwa Acuff. Nafasi ya dobro ilikuwa imechukuliwa na Beecher Kirby, mzaliwa wa Sevier County, Tennessee, ambaye wenzake walimwita Pete. Kwa hiyo wa kwenye rekodi ni Summey, na wa kwenye filamu ni Kirby. Nilikuwa nimemtambua mtu kwa masikio wakati swali lilikuwa la macho.

Nikadhani nimemaliza. Wapi! Mtego wa pili ulikuwa mtamu zaidi. Kwenye bendi hiyo yumo pia msichana, Rachel Veach, mpiga banjo. Jukwaani Kirby alitambulishwa kama Bashful Brother Oswald, yaani Kaka Oswald Mwenye Haya, na huyo Rachel ndiye dada yake. Kalamu ilishaanza kuandika "ndugu wawili" nikasita, nikatafuta. Hawakuwa ndugu hata chembe. Acuff alipomchukua Rachel mwaka 1939, watu wangesema nini juu ya binti asiyeolewa anayezunguka miji na bendi ya wanaume? Ikabidi apatiwe kaka. Yaani utambulisho wa jukwaani ni chanzo kizuri sana cha kujua jamii ile iliogopa nini, ila ukiutumia kuchora ukoo umeula wa chuya.

Na yule Summey? Baadaye akawa mchekeshaji kwa jina la Cousin Jody. Ukimtafuta kwenye picha za miaka ya 1950 kwa jina lake la kuzaliwa, atapita mbele yako na usimwone.

Kwa hiyo sasa nina utaratibu wangu, na Kidato cha Kwanza watanikoma nao kwenye mada ya vyanzo. Kwanza, mwaka wa picha na mwaka wa sauti nauandika mbali mbali. Pili, naandika mistari miwili: nani anaonekana, nani anasikika. Filamu nyingi za zamani muziki ulirekodiwa kwanza, halafu wapigaji wakaigiza mbele ya kamera, hivyo mkono unaouona si lazima uwe ndio unaousikia. Tatu, nikiona wapiga gitaa wote wanatumia mkono wa kushoto, naangalia vifungo vya makoti kabla ya kushangaa, maana huenda picha imegeuzwa. Na jina la jukwaani naliweka kwenye alama za kunukuu mpaka nipate la kuzaliwa.

Mtasema, sasa ana maana gani huyo mpiga dobro wa Tennessee? Nami nilijiuliza hivyo, kabla sijasoma mwisho wa habari yake. Kirby alikaa na Acuff hadi Acuff alipofariki 1992. Opry ilimpa uanachama kwa jina lake mwenyewe mwaka 1995, zaidi ya miaka 50 tangu aanze kupiga nyuma ya mwenzake. Alifariki 2002. Nusu karne mtu anasubiri kuitwa mbele, halafu mimi kwa dakika moja ya kujifanya najua nikampa kazi yake mtu mwingine, mbele ya watu arobaini.

Wiki iliyofuata niliomba dakika mbili za kusahihisha. Nikaandika ubaoni: Beecher "Oswald" Kirby, dobro, 1940. Yule dada wa viti vya nyuma akatikisa kichwa kukubali. Alama zangu sijaziuliza.

Tuko pamoja, wadau. Naenda foleni ya chakula kabla maharage hayajaisha.